Kamba Iko Wapi?

Kisangani, asubuhi. Nimefika kwa toleka, baiskeli ya abiria, hadi poromoko la mwisho kati ya yale saba ya Boyoma. Kiswahili changu cha Dar es Salaam kinaeleweka, ila wenyeji wanakisikia kama cha kitabuni.

Wagenia, wavuvi wa hapa, wamesimamisha magogo katika matundu ya miamba, wakayafunga kwa kamba za msituni, juu ya maji yanayonguruma. Hapo huning'iniza migono mikubwa, mdomo mpana kama mlango, mkia mwembamba. Dema la kwetu pwani humngoja samaki afuate chambo. Mgono wa hapa hauna haja ya chambo. Mkondo humtia samaki ndani, na mkondo huohuo humzuia asirudi.

Nimekaa juu ya jiwe nikachora saa nzima: mapovu, mawingu, mitumbwi, kivuli cha kila gogo. Kijana mmoja akachungulia begani.

"Papa, umetia mawe mingi. Sasa kamba iko wapi?"

Sikuwa nimechora hata moja. Magogo yangu yangesombwa kabla ya adhuhuri.

Nikamkumbuka Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, aliyeuza picha zake Oysterbay, Dar es Salaam, tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi alipofariki 1972. Alipaka rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi: mnyama mmoja, nyuma yake rangi tupu, pengine na mti. Chui wake hana misuli wala kivuli. Ana madoa na jicho. Yafute madoa uone kama utabaki na chui.

Lakini nisiseme upesi kwamba siri ni uchache. Lubumbashi, katika karakana iliyoanzishwa na Pierre Romain-Desfossés miaka ya 1940, Pilipili Mulongoy hakuacha nafasi wazi. Nyuma ya samaki au ndege wake alijaza vistari vidogo, kimoja baada ya kingine, mpaka ukingoni. Picha imejaa pomoni, na bado jicho halipotei, kwa sababu kistari ni kilekile na kina kazi moja: kuyafanya maji yaende. Mapovu yangu yalikuwa mapambo tu.

Nimefungua ukurasa mwingine. Magogo matatu, mgono mmoja. Nilipofika kwenye fundo nikakwama. Sikujua kama kamba inapita juu ya gogo au chini yake. Nilikuwa nimeitazama asubuhi nzima bila kuiona.

Kijana akaiomba penseli. Nikadhani atachora. Akaokota kijiti, akakiweka msalaba na penseli, akang'oa unyasi na kuvifunga: juu, chini, mara mbili katikati, kisha akakaza kwa meno.

"Ni hivi, papa."

Nimechora kwa kalamu ya wino. Penseli bado imefungwa, na sina nia ya kuifungua.