Acheni Twiga, Kerezeni Vikombe

Wasee, najua haya maoni yataniletea matusi, lakini wacha niseme tu: Ukambani tumechonga twiga wa kutosha. Twiga, simba, Mmasai na mkuki wake. Kazi safi ya mkono, hakuna anayebisha. Swali langu ni moja: nani kati yetu ana twiga wa mbao kwa nyumba?

Hatuna, kwa sababu vile vitu havikutengenezewa sisi. Inasimuliwa kwamba Mutisya Munge wa Wamunyu alienda Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akajifunza kuchonga huko, akarudi nyumbani na ule ujuzi. Soko likawa la Wazungu. Miaka mia moja baadaye bado tunamngoja mteja yule yule kando ya barabara ya Mombasa. Na tangu treni ya SGR ianze mwaka 2017, wasafiri wengi wanapita kwa reli. Inasimama Emali, inasimama Kibwezi, lakini hapa Kiboko katikati haina stesheni. Utamuuzia nini mtu anayekupita kwa kilomita 120 kwa saa?

Mimi nasema tukereze vikombe. Vile vyenye mguu mwembamba na kitako kipana, kama vya mvinyo, lakini vya mti. Kipande cha mti kinazunguka kwa mashine, wewe unashika tindo, na umbo linatokea polepole.

Wazee watasema mashine ni kudanganya, ati kazi ya kweli ni tezo na jasho. Heshima kwao, lakini kukereza si neno la jana. Mafundi wa Pwani walikereza miguu ya vitanda kabla stima haijafika, na Kiswahili kina jina la hiyo mashine: keezo. Lugha haitungi jina la kitu ambacho watu wake hawakitumii.

Tena usidhani ni rahisi. Kwanza mti lazima ukauke, ukiwa mbichi utapasuka. Unakwepa moyo wa gogo, kwa sababu nyufa huanzia hapo. Nyuzi za mti zinafaa zifuate urefu wa kikombe, la sivyo mguu utakatika kama kijiti. Halafu unachimba tumbo kwanza, wakati chini bado kuna unene wa kushikilia. Mguu unakuja mwisho kabisa. Ukianza na mguu, kila kitu kinatetemeka, tindo linanasa, na kazi ya saa nzima inaruka ukutani. Nipe mtu anayeweza hiyo, usiniambie mashine ndiyo ilifanya.

Kuna siku nilikuwa kwa kibanda cha fundi mmoja hapa, dereva wa lori akashuka, akainua kikombe cha mti, akauliza, "Mzee, hiki ni cha kunywea ama cha kuangalia?" Fundi akanyamaza kidogo. Kilikuwa kimeng'arishwa na rangi ya viatu, kama vinyago vingi. Akasema ukweli: "Cha kuangalia, kijana wangu." Dereva akakirudisha taratibu, akaenda zake. Yule hakuwa mtalii. Alikuwa mtu wetu, pesa mfukoni, na tukamkosa kwa sababu ya kiwi.

Na dawa tunayo hapa hapa. Ukambani ni nchi ya nyuki. Nta ya nyuki inasuguliwa kwa mti na haina madhara ukinywea. Chai moto itaiyeyusha, kwa hivyo tuseme wazi: hiki ni kikombe cha maji baridi na juisi ya embe.

Sasa tuongee mti, maana hapa ndipo pabaya. Mpingo na muhugu zimekatwa sana kwa vinyago, na mpingo unachukua miongo mingi kukomaa. Mjukuu wako ndiye ataukata. Miaka ya 1990 wachongaji walianza kushauriwa wahamie mwarobaini, mjakaranda na mwembe. Mwarobaini sitaki kwa kikombe, uchungu wake kila mtu anaujua. Lakini mwembe? Makueni yote ni maembe! Mwembe uliozeeka huishia kuwa kuni, na ndani yake kuna vikombe vingapi?

Halafu kuna mukau, mti wetu wenyewe wa ukame, ambao mchwa hauwezi. KEFRI, wakisaidiana na Wajapani, walipanda mashamba ya mbegu bora Kitui na Kibwezi. Hukomaa kwa miaka 10 hadi 15. Ukipanda leo ukiwa na miaka 20, utaukata kabla ya kufika 40. Sijui kama ukikerezwa kikombe utapendeza kama mwembe, lakini fundi akijaribu ndiyo tutajua.

Kwa hivyo wewe mwenye shamba la baba limekaa tu, panda. Wewe fundi, weka kando ile rangi ya viatu. Na wewe unayenunua vikombe vya plastiki kila mwezi, uliza cha mti. Twiga ukimnunua anakaa kabatini miaka 30 na fundi hakuoni tena. Kikombe kinashikwa kila siku, siku moja kinaanguka, na unarudi kununua kingine.