Lyamba lya Mfipa, kupitia Innsbruck

Innsbruck, mji wa Austria ambao kila picha yake ina mlima wenye theluji nyuma, upo mita 574 tu kutoka usawa wa bahari. Sumbawanga ipo karibu mita 1,800. Mimi hesabu hiyo niliirudia mara kadhaa kabla ya kuiamini: mji wangu, ambao sijawahi kuona hata kadi yake moja ya posta, uko juu mara tatu ya mji ambao watu hupanda ndege kwenda kuona milima.

Ilikuwa Januari 2012. Nilikuwa Munich kwa muhula mmoja wa kubadilishana wanafunzi, na wikiendi moja tukaamua kwenda Innsbruck kwa sababu nauli ya basi ilikuwa ndogo na safari ni ya saa mbili na ushee. Tulikuwa wanne: Mjerumani wa Hamburg aliyejifanya kiongozi wa msafara, Mbrazili ambaye hakuwahi kugusa theluji, dada mmoja wa Nairobi, na mimi. Mjerumani alinionea huruma tangu stendi. Eti baridi ya milimani siyo ya mchezo, na mtu wa Afrika ajiandae. Nilimwambia kwetu mwezi wa sita na wa saba watu wanaenda shambani na makoti mazito. Akatabasamu kwa adabu, tabasamu la mtu asiyeamini.

Koti lenyewe nililovaa nilikuwa nimelinunua Sumbawanga, mtumba, kwa kupatana na muuzaji hadi tukachokana. Lilikuwa na kimfuko kidogo cha zipu kwenye mkono wa kushoto, karibu na kiwiko cha chini pale saa inapokaa. Makoti ya aina hiyo yapo mengi Sumbawanga, na kila mtu ana lake la kusema kuhusu kimfuko hicho. Makonda wanaweka chenji. Mjomba wangu aliweka vocha za simu. Mimi niliweka funguo. Innsbruck nikaona watu wanaoteleza kwenye theluji wakipita getini kwa kuegemeza mkono wa kushoto kwenye kimashine, geti linafunguka lenyewe. Kadi ya kupandia mlima ndiyo inakaa humo. Nilicheka peke yangu pale getini. Koti lilikuwa limerudi kwao, mimi ndiye mgeni niliyelisindikiza.

Jioni ya kwanza tulizunguka mji wa zamani, tukatazama lile paa la dhahabu la mfalme Maximilian, vigae zaidi ya 2,600 vya shaba vilivyopakwa dhahabu, vimekaa hapo tangu mwaka 1500 hivi. Zuri, lakini dogo kuliko sifa zake. Tukaingia mahali kula. Mjerumani akatueleza kwamba Innsbruck maana yake ni daraja la mto Inn. Halafu akanigeukia: na Sumbawanga?

Msomaji wa Tanzania hahitaji kuelezwa kwa nini nilikaa kimya kidogo. Ukitaja Sumbawanga Dar es Salaam, kuna utani unaokungoja, na ni uleule miaka yote. Umekuja na basi au na ungo? Usiniangalie hivyo, nitaamka nalima shamba lako usiku. Nikiwa chuo, nilishawahi kuona watu wanahamisha vyakula vyao kabatini wakicheka, lakini vyakula vimehamishwa kweli. Wenzangu kadhaa wa Rukwa walizoea kujibu kwamba wanatoka Mbeya huko. Mimi nilikuwa nasema Sumbawanga na kusubiri utani upite, kama mtu anayesubiri mvua chini ya paa la mwenzie.

Lakini pale mezani hakuna aliyekuwa na utani tayari. Nikawaeleza kama wazee wanavyoeleza: sumba ni tupa, wanga ni uchawi. Tupa uchawi. Ni amri ya mlangoni: ukiingia hapa, acha huko nje ulichokuja nacho. Mbrazili akasema hilo ndilo jina zuri kuliko yote aliyowahi kusikia la mji. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na ilikuwa mara ya kwanza mtu kusikia jina hilo mbele yangu na kuelewa linachosema, badala ya kuelewa kinyume chake.

Kesho yake tukapanda. Kwanza treni ndogo ya kwenda Hungerburg, ambayo vituo vyake vilichorwa na Zaha Hadid, mzaliwa wa Baghdad, vimepindapinda kama barafu iliyoanza kuyeyuka. Kisha gari la kuning'inia kwenye waya. Nauli ya kwenda na kurudi, nikiibadilisha kichwani kuwa shilingi, haikupungua gunia la mahindi kwa bei ya kwetu. Tulishuka kituo cha Seegrube. Mjerumani akashika kifua, akavuta pumzi kwa kishindo, akatuonyesha kibao: mita 1,905. Hewa ya huku, alisema, ni nyingine kabisa.

Dada wa Nairobi alisoma kibao, akanisogelea na kuninong'oneza kwa Kiswahili, "Ngoja kwanza. Nairobi si ni kama elfu moja mia nane?"

"Na Sumbawanga vilevile," nikamwambia.

"Aki ya nani! Kumbe tumelipa pesa yote hii kurudi nyumbani."

Tulicheka mpaka tukaulizwa kuna nini. Kueleza kulichukua muda, kwa sababu ilibidi kwanza waamini kwamba Afrika Mashariki inaweza kuwa juu. Gari la pili lilitupandisha Hafelekar, zaidi ya mita 2,250, na huko ni mtu wa Hamburg, mtoto wa bandarini, aliyeumwa kichwa.

Chini yetu mji ulikuwa umetandazwa kama kitu cha kuchezea: mto, reli, madaraja. Watu walisimama kwenye ukingo, wakapiga picha, wakanywa kahawa, wakashuka. Nikawa nafikiria Lyamba lya Mfipa.

Kwa asiyefika huko: uwanda wa Ufipa haushuki polepole kwenda Bonde la Rukwa. Unakatika. Juu kuna nyika tupu yenye upepo, ng'ombe, na matuta ya duara tunayoyaita intumba, ambamo wakulima hufukia majani yaoze yawe mbolea. Kisha ardhi inaisha, na chini kabisa, kama mita 1,000 chini, kuna bonde la joto, mpunga, na Ziwa Rukwa. Lyamba lya Mfipa ndiyo sehemu ya kushukia kwenda Mtowisa. Malori yamefia pale. Ukikitaja kwetu, watu hawasemi "mandhari." Wanauliza breki ziko vipi.

Munich nilikuwa nimekuta maktabani kitabu cha Roy Willis cha mwaka 1981 kuhusu dola za Ufipa kabla ya ukoloni, nikafurahi kupita kiasi, kama mtu aliyeona picha ya ndugu yake gazetini. Lakini pale Hafelekar sikuwa nawaza dola. Nilikuwa nawaza kwamba mteremko wa huku na wa kwetu karibu ni uleule, ila huku mtu ananyanyuliwa, na kwetu mtu ananyanyua.

Nilirudi nyumbani mwaka huohuo. Barabara ya lami kutoka Tunduma ilikuwa bado inajengwa, tukafika Sumbawanga na vumbi mpaka kwenye kope. Bibi, mzaa mama, alitaka kujua kila kitu. Nikamsimulia ule mlima wa kulipia.

"Wanapanda kufanya nini?"

"Kuangalia, bibi."

"Kuangalia nini?"

"Kule chini walikotoka."

Akafikiri. "Na wakishuka, wanashuka na nini?"

"Hawana kitu. Picha tu."

Bibi alianza kushuka Lyamba lya Mfipa kabla hajaolewa. Walikuwa wanaondoka alfajiri na maharage kichwani, wanalala bondeni, wanapanda na samaki wakavu. Goti lake la kulia liliharibikia huko. Hakucheka, nilivyodhani angecheka. Alisema, "Mimi pale nimepita mara nyingi, sijui hata ngapi. Sijawahi kuangalia. Ukiwa na mzigo kichwani unaangalia kidole cha mguu." Akatulia, akakunja kanga. "Nipeleke basi."

Mjomba alikuwa na pikapu. Tuliondoka Jumamosi asubuhi, bibi mbele na koti langu, ameweka ugoro kwenye kile kimfuko. Tulipofika ukingoni mjomba alizima gari, nikamshika bibi mkono. Chini kulikuwa na ukungu wa joto, na ziwa lilionekana kama mstari mweupe ambao ungeweza kudhani ni mawingu. Alisimama muda mrefu. Nilitoa simu nimpige picha, akanikataza kwa kiganja bila kugeuka.

"Kumbe ni mbali hivi," alisema hatimaye. Akaanza kunionyesha kwa kidole: njia ya miguu ilipokuwa, kabla ya magari, jiwe walilokuwa wakitulia mizigo, mahali ambapo mwenzake mmoja, aliyemtaja kwa jina la utotoni, aliteleza na gunia na kusimama akilia kwa ajili ya maharage, siyo kwa ajili ya mguu. Mjomba, ambaye ni mwanawe, hakuwa amewahi kusikia habari hizo.

Kina mama wawili walikuwa wanapandisha, beseni za samaki kichwani. Wakatuamkia, wakatua mizigo ili wapumzike. Bibi akamgeukia mmoja wao na kuuliza bei ya fungu. Aliposikia, alishika kiuno. Akaanza kupatana, na alikuwa na nguvu kuliko nilivyomwona tangu nirudi, na jua lilikuwa limepanda tayari wakati mjomba alipoanza kupiga honi.