Kung'arisha magari kule Ggaba: ni kazi au ni kupoteza wakati?



Mwezi huu tunapenda kujibu swali ambalo wazazi wengi wametuuliza hapa kambini, wengine njiani, wengine kwenye foleni ya maji: "Mwalimu, kijana wangu amemaliza S4, sasa anasema anakwenda Kampala kuosha magari. Nimruhusu?" Wengine wanauliza kwa hasira, eti mtoto hakusomeshwa miaka kumi na moja ili akashike ndoo na matambara.

Swali hili linatuhusu sisi wenyewe. Sisi walimu watatu wa kujitolea tunaoandika hapa, posho yetu mnaijua. Shule zikifunga Desemba na Januari tunashuka Kampala kutafuta, na mara mbili sasa tumefanya kazi hiyo hiyo kule Ggaba. Kwa hiyo tunaandika mambo tuliyoshika kwa mikono yetu.

Kwa wasiopajua: Ggaba ni mwisho wa barabara. Unatoka Kabalagala, unapita Kansanga na Bunga, halafu unalikuta ziwa la Victoria. Kuna soko la samaki, ngege na mukene, na mashua zinazokwenda visiwani. Hapo hapo kuna mitambo ya shirika la taifa la maji. Kwa miaka mingi karibu maji yote ya bomba ya Kampala yalitoka Ggaba, na mtambo wa tatu ulifunguliwa mwaka 2007. Hilo la maji mlikumbuke, tutalirudia.

Pale tulipofanya kazi kulikuwa na kazi mbili, na mzazi anayeuliza anajua moja tu. Ya kwanza ni kuosha: maji, sabuni, kukausha, gari inaondoka. Kila kijana anaweza, ndiyo maana malipo ni kidogo na wanaogombania ni wengi. Ya pili ni kung'arisha. Gari moja ya kung'arisha ilitulipa kuliko magari matano ya kuosha. Na hiyo ya pili haitaki nguvu, inataka akili na subira.

Aliyetufundisha ni mzee mmoja Mganda, fundi wa siku nyingi. Sisi tulimwita Mzee, yeye alituita "baana bange", yaani watoto wangu. Kiswahili chake kilikuwa cha gereji lakini somo lake lilikuwa fupi na safi kuliko mengi tunayofundisha darasani. Alisema: "Polishi inaondoa. Glezi inafunika. Waksi inalinda. Ukichanganya hizo tatu, wewe bado ni mwosha magari."

Tueleze moja moja, maana hapo ndipo kazi ilipo.

Magari mengi ya Kampala yalifika kutoka Japani yakiwa yametumika tayari. Juu ya rangi yake kuna ngozi ya mwisho isiyo na rangi, mafundi wanaiita klia. Ni nyembamba sana, kwa kawaida haifiki hata unene wa karatasi ya daftari. Jua letu la ikweta linaichoma, vumbi jekundu linaikwaruza, na wale ndege wakubwa wa Kampala, kalooli, wakiachia kinyesi juu ya boneti na jua likawaka, klia inalika na kubaki alama. Ukiangalia gari nyeusi juani utaona mikwaruzo midogo midogo imezunguka kama utando wa buibui. Mingi ya hiyo inaletwa na kitambaa kichafu cha mwoshaji.

Sasa, polishi ina chembe za kusugua. Inaondoa mkwaruzo kwa kupunguza klia yenyewe kidogo. Ni dawa nzuri lakini haifanywi kila mwezi, kwa sababu klia iliyoondoka hairudi.

Glezi ni kitu kingine. Ni laini, ina mafuta na vijazo vinavyoingia ndani ya ile mikwaruzo midogo na kuijaza, kama vile unavyoziba nyufa za ukuta kabla ya kupaka rangi. Mwanga ukipiga hautawanyiki tena, na gari inang'aa kama maji ya ziwa asubuhi. Lakini glezi yenyewe hailindi kitu. Mvua mbili tatu, au kuoshwa mara chache, imekwisha, na mikwaruzo yote unaiona tena palepale ilipokuwa.

Waksi ndiyo koti. Ile nzuri ya asili inatoka kwenye majani ya mchikichi mmoja unaoitwa karnauba, unaoota kaskazini-mashariki ya Brazili. Huko kuna ukame, na mti unajipaka nta ili maji yake yasikauke. Watu wanakata majani, wanayaanika na kuyapiga mpaka nta inadondoka. Kwa nini isiwe nta yetu ya nyuki? Tulimwuliza Mzee. Nta ya nyuki inayeyuka kwenye digrii 63 hivi, na bodi nyeusi juani inaweza kufika huko. Italainika na kushika vumbi. Karnauba inavumilia mpaka zaidi ya digrii 80. Kuna pia waksi ya kiwandani, wanaiita silanti, ambayo haina uzuri ule wa kina lakini inakaa miezi minne mpaka sita, wakati karnauba inakaa wiki sita hivi, na chini ya jua letu pengine pungufu.

Kwa hiyo kuchagua kunategemea gari na safari yake. Gari nyeupe au ya fedha, mikwaruzo haionekani sana: ruka glezi, piga waksi, usimlipishe mwenyewe bure. Gari nyeusi, bluu nzito au nyekundu, na hasa ya harusi pale Munyonyo siku ya Jumamosi: glezi halafu karnauba. Gari inayokwenda vijijini kula vumbi: silanti. Lakini hapo angalieni, silanti inataka kushika kwenye rangi tupu. Ukiiweka juu ya mafuta ya glezi haishiki vizuri, labda kopo liwe limeandikwa kwamba vinapatana. Na gari ambayo klia yake imebabuka na kutoka kama ngozi ya kiazi? Hiyo hata upake nini haiponi, inahitaji kupigwa rangi upya. Mwambie mwenyewe kabla hujachukua pesa yake.

Mpangilio tulioufuata ni huu. Gari inaoshwa kwa ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga usirudi kwenye bodi. Sabuni ya unga ya kufulia hapana, inakula waksi. Inakaushwa, inawekwa kivulini mpaka bodi ipoe; ukiweka mkono na bado ni ya moto, subiri. Kama inahitaji polishi, ndiyo inaanza. Halafu glezi kidogo kwenye sponji, sehemu moja moja: boneti, kisha mlango, kisha mwingine. Unafuta polepole. Halafu waksi juu yake, nyembamba sana, bila kukandamiza, maana ukikandamiza unaing'oa glezi uliyoweka sasa hivi. Subiri ikauke iwe kama ukungu. Pitisha kidole: kama pameachia safi, futa kwa kitambaa laini cha maikrofaiba. Kama panavutika, bado.

Sisi tulidhani kupaka nene ndiyo kulinda zaidi. Kumbe waksi nene inakauka juu tu, inakutesa kufuta, na yote ya ziada inabaki kwenye kitambaa. Tabaka la pili linasaidia, ukisubiri masaa kadhaa au mpaka kesho yake, kwa sababu linafika mahali ambapo mkono uliruka. Tabaka la tatu na la nne ni hasara tu. Na sheria ambayo Mzee hakuisamehe kamwe: kitambaa kikianguka chini, hakirudi kwenye gari siku ile. Punje moja ya mchanga inaandika mkwaruzo mrefu kuliko mshahara wako.

Tulipata pia jambo lililotufikirisha sana. Siku moja bwana mmoja alileta gari nyeusi, anataka kuiuza wiki ile ile. Bosi akasema tupake glezi peke yake, lakini bwana aambiwe ni waksi ya miezi mitatu na alipe bei ya waksi. Sisi watatu tuliangaliana. Mkimbizi kazini kwa mtu hana mdomo mrefu, mnajua wenyewe. Ukibisha, kesho kuna wengine kumi getini.

Mzee hakubisha. Alimaliza glezi, akachukua kopo, akaanza kupiga waksi juu yake, gari nzima, taratibu. Bosi akamwuliza anapoteza wakati kwa nini. Akajibu, "Ssebo, mvua ya Jumatano itatusema." Gari ilipokwisha, akamwita yule bwana akamwonyesha mlango: "Ssebo, hapa mikwaruzo imefunikwa, haikuondolewa. Waksi ikiisha utaiona. Atakayenunua umwambie." Bwana alicheka, akalipa. Kama alimwambia mnunuzi sisi hatujui. Lakini kabla likizo haijaisha alirudi na gari ya mke wake, akamwulizia Mzee, na hakutaka mtu mwingine aiguse.

Tulijifunza kwamba glezi si uongo. Ni kazi halali kabisa, na inapendeza. Uongo unaingia pale unapoita kufunika kulinda. Na sisi wageni katika nchi ya watu, ambao majirani wengine bado wanatuangalia kwa wasiwasi, jina ndilo mtaji wetu wa kwanza. Ndoo unaweza kuazima, jina huwezi.

Sasa turudi kwenye maji. Maji ya kuoshea gari yana mafuta, sabuni na uchafu wa injini. Ukiyaacha yatiririke ziwani pale Ggaba, unayapeleka jirani na mitambo ya maji ya mji mzima. Kanuni za mazingira za Uganda za mwaka 2000 zinalinda ukanda wa mita 200 kutoka ufuko wa ziwa Victoria. Kwa hiyo kijana akiambiwa aoshe gari ndani ya ziwa, akatae. Mahali pazuri pana sakafu ya saruji na shimo la kuchuja uchafu, na maji yao ni ya bomba. Hata kwa kazi yenyewe ni bora, kwa sababu maji ya ufukweni yana mchanga na mwani, na mchanga tumekwisha kuusema.

Wazazi, jibu letu basi ni hili. Msimkataze kijana kwa sababu ya aibu. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inatupa ruhusa ya kufanya kazi na ya kutembea nchini, na kazi ya mikono haijamchafua mtu jina. Lakini kabla hajaondoka, mwulizeni mambo manne. Karatasi zake ziko sawa, barua ya familia na kitambulisho? Anajua atalala wapi na kwa nani, maana mjini kwa kawaida hakuna mgao wa chakula? Pale anapokwenda, maji machafu yanaishia wapi? Na la nne, ambalo sisi tunaliona kubwa: kuna mtu pale wa kumfundisha? Kama jibu la nne ni hapana, atabaki kwenye ndoo miaka mitano, na mgongo utachoka kabla ya akili kutumika. Kama ni ndiyo, basi amepata shule nyingine.

Na nyinyi wanafunzi, msitumie barua hii kukimbia masomo. Kusoma maandishi ya kopo, kupima kiasi, kuelewa kwa nini nta moja inayeyuka na nyingine haiyeyuki, hayo yote tuliyatoa darasani. Wenzetu wasiojua kusoma walikuwa wakituuliza kopo linasema nini, na mara mbili tuliwazuia kupaka silanti juu ya glezi.

Anayetaka kujua zaidi atupate shuleni baada ya vipindi. Kopo hatuna, lakini ndoo mbili na kitambaa safi tutatafuta.

Ni sisi, walimu wenu wa kujitolea.