Mungu Hangoji Siku ya Dominika



Katika miaka yote niliyofundisha katekisimu, swali moja limerudi karibu katika kila kundi la wakatekumeni: "Mwalimu, mbona ninasali na sisikii kitu?" Anayeuliza huwa kijana mwaminifu, asiyekosa Misa. Anadhani uwepo wa Mungu ni joto la moyo linaloletwa na nyimbo na ngoma, na kwamba joto hilo likipoa jioni, Mungu naye amekwenda zake.

Humjibu kwa kumtajia kijana mwenzake, Mwenye Heri Floribert Bwana Chui. Alizaliwa Goma mwaka 1981, akasoma sheria, akapata kazi ya kukagua ubora wa bidhaa zinazoingia mpakani. Alikuwa mlei kama sisi, mwanajumuiya wa Sant'Egidio, na saa zake za nje ya kazi aliwapa watoto wa mitaani. Ilipofika shehena ya chakula kilichoharibika, alipewa fedha ili akipitishe. Akakataa, kwa kuwa kingewadhuru watu. Mwezi wa Julai 2007 alitekwa na kuuawa, akiwa na umri wa miaka 26. Papa Fransisko aliwasimulia vijana habari zake mjini Kinshasa mwezi wa Februari 2023, na tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza mwenye heri mjini Roma.

Tunapomkumbuka, wengi hutazama kifo chake. Mimi nawaomba mtazame meza yake ya kazi. Hapakuwa na altare, wala kwaya, wala uvumba. Palikuwa na karatasi za kutiwa sahihi na watu wenye haraka. Hata hivyo, Bwana alibisha mlango hapo. Naamini Floribert alimtambua kwa sababu alikwisha kumzoea. Aliyezoea kuketi na watoto wenye njaa hawezi kutazama chakula kilichooza asione sura ya mtu atakayekila.

Kuwa wazi kwa Mungu, basi, ni kuacha nafasi ndogo kati ya jambo linalotujia na jibu letu, ili tujiulize: ni nani atakayeumia? Nafasi hiyo haipatikani siku ya jaribu. Huandaliwa na sala ya kila siku, kama vile mkulima achimbavyo mfereji kabla mvua haijanyesha.

Sisi walimu nasi tunabishiwa. Mwisho wa muhula, mshahara ukiwa umechelewa, mzazi huja na bahasha, akiomba alama za mtoto wake ziongezwe. Nyumbani watoto wanangoja chakula, wala sitasema kwamba ni rahisi kuirudisha bahasha hiyo. Lakini nikifungua daftari la alama, naliona pia jina la mtoto wa mjane, aliyepata alama zake kwa kusoma usiku mbele ya taa ya mafuta. Wakati huo sisikii joto lolote moyoni, nasikia uzito. Nimejifunza kuamini kwamba hata uzito huo ni Mungu aliyekuja kunitembelea.

Nanyi mnayo milango yenu: rafiki anayewaomba mmwandikie majibu ya mtihani, fedha zilizozidi ambazo mama wa sokoni amewarudishia kwa kukosea, msichana anayesengenywa katika simu zenu. Kila moja ni mahali pa kukutana na Yule mnayemtafuta kanisani.

Kwa hiyo, kila jioni kabla ya kulala, nyamazeni kidogo na kujiuliza: leo ni nani aliyesimama mbele yangu, nami je, nilimwona? Msitafute jibu refu. Mkipata jina moja, mtajieni Mungu jina hilo, kisha mwombeni awape macho ya siku ya kesho.