Fleti Yangu ya Ommoord

Ndugu zangu mnaoishi Ulaya na kila mwezi mnalipa kodi ya pango, ushuhuda huu nautoa kwa ajili yenu. Nafanya kazi ya kuhudumia wazee Rotterdam, nalea mtoto mmoja, na tangu mwaka 2019 naishi katika fleti yangu mwenyewe huko Ommoord, kaskazini mashariki mwa jiji. Kabla ya hapo niliamini kwamba nyumba ya mtu ni ile anayojenga kwao, na huku ugenini ni pa kujishikiza tu. Imani hiyo imenitoka.

Upangaji ulituchosha. Sheria iliyoanza mwaka 2016 iliwaruhusu wenye nyumba Uholanzi kutoa mikataba ya muda isiyozidi miaka miwili, na wengi waliipenda mno: muda ukiisha mpangaji anafunga virago, anaingia mwingine kwa bei ya juu zaidi. Mwanangu alihamishwa shule kwa sababu ya mikataba hiyo. Mwezi Julai 2024 mikataba ya namna hiyo ilipigwa marufuku kwa sehemu kubwa, nami nashukuru kwa niaba ya wanaokuja nyuma yetu. Nyumba za bei nafuu za mashirika ya makazi nazo zina foleni ya miaka mingi.

Aliyenifumbua macho ni mwenzangu wa zamu. Aliniuliza, "Wewe una mkataba wa kudumu wa kazi, mbona hujaenda kuonana na mshauri wa mikopo ya nyumba?" Nilikwenda. Nikajifunza kwamba benki za Uholanzi zinaruhusiwa kukopesha hadi thamani yote ya nyumba, ila gharama za kununua unatoa mfukoni mwako: kodi ya uhamisho, notari, mthamini, mshauri. Kwa fleti ya euro 179,000, kodi ya asilimia 2 peke yake ilikuwa euro 3,580. Fedha hiyo nilikuwa nimeiweka kwa ajili ya mabati ya nyumba ninayojenga kwetu Moshi. Mkopo wangu uko chini ya dhamana ya taifa, inayoitwa NHG: riba yake hupungua kidogo, na ukipoteza kazi, ukiugua au ndoa ikivunjika, ukalazimika kuuza kwa hasara, dhamana hiyo inaweza kubeba deni linalobaki.

Nilichukua dalali wangu mwenyewe. Huku dalali wa muuzaji hawezi kuwa pia wa mnunuzi, na sisi tuliozoea dalali anayekula huku na huku tunajua uzito wa jambo hilo. Siku tuliyoitazama fleti, mimi nilikuwa nimekodolea macho jiko. Yeye hakulitazama jiko. Aliomba makabrasha ya umoja wa wamiliki.

Hapo ndipo penye kiini cha yote. Ukinunua fleti Uholanzi, kisheria unamiliki hisa ya jengo zima pamoja na haki ya kutumia sehemu yako peke yako, na unakuwa mwanachama wa umoja wa wamiliki, utake usitake. Paa likivuja, lifti ikikwama, mabomba yakioza, mnachanga wote. Tangu 2018 sheria inaulazimisha kila umoja kuweka akiba: ama kwa mpango wa matengenezo wa miaka mingi, ama angalau asilimia 0.5 ya gharama ya kujenga jengo upya kila mwaka. Tulisoma mihtasari ya vikao, ukurasa kwa ukurasa. Palikuwa na mabishano marefu juu ya rangi ya milango ya maghala ya chini, na uamuzi wa kubadili lifti ukiwa tayari umetengewa fedha. Dalali akacheka, akasema jengo ambalo watu wanagombania rangi ya milango ni jengo linalotunzwa. Jengo jingine nililolipenda, la bei rahisi kuliko hili, mfuko wake ulikuwa karibu mtupu. Tuliliacha. Na angalieni pia ardhi: fleti nyingine zimekaa juu ya ardhi ya manispaa, na huenda ukailipia kila mwaka.

Baada ya kusaini mkataba wa ununuzi sheria ilinipa siku tatu za kufikiri, ambazo ndani yake ningeweza kujitoa bila kulipa chochote. Sikujitoa. Kwa notari hati ilisomwa taratibu, naye notari akitua kuniuliza kama nimeelewa. Fedha zilipita kwenye akaunti ya notari, si mkononi mwa muuzaji, kisha jina langu likaandikwa kwenye daftari la ardhi la taifa. Nimetoka mahali ambapo kiwanja kimoja kimewahi kuuzwa kwa watu watatu. Machozi yalinitoka pale mezani.

Mdogo wangu aliponipigia kutoka Moshi alisema, "Dada, umenunua nyumba isiyo na kiwanja?" Nikamwambia aje aone. Ommoord ilipangwa na mwanamama msanifu, Lotte Stam-Beese, miaka ya 1960: maghorofa marefu katikati, nyumba fupi pembeni, na majani mengi baina yake. Majirani zangu wengi ni wazee. Jumapili husikii mashine ya kutoboa ukuta. Metro inanifikisha kazini, na mwanangu amemaliza shule ya msingi palepale alipoanzishwa tulipohamia.

Nyumba ya Moshi bado inajengwa, polepole zaidi. Marejesho ya mkopo pamoja na ada ya umoja ni pungufu ya kodi niliyokuwa nikilipa, na kila mwezi sehemu ya deni inakatika.

Mwenye mkataba wa kudumu wa kazi, nenda ukaulize. Bei za leo si za 2019, lakini kuonana na mshauri mara ya kwanza mara nyingi ni bure. Na ukipata fleti ya kuangalia, kabla hujafungua kabati la jiko, omba mihtasari ya umoja ya miaka mitatu iliyopita.