"Sijambo" ya Mgonjwa Isikutulize

Umeingia chumbani alimolala mgonjwa wako. Unamwuliza, "Hujambo?" Naye anakujibu, "Sijambo." Unashusha pumzi, unaketi. Je, umepata habari gani? Hujapata yoyote. Desturi yetu haina jibu jingine, hata kwa mtu aliye taabani.

Nayasema haya kwa kuwa yalitupata. Baba, mkulima wa Njoro, alipatikana na saratani ya tumbo, akapasuliwa mjini Nakuru na kuondolewa sehemu ya mfuko wa chakula. Kila tulipomjulia hali alijibu, "Namshukuru Mungu." Basi tukampima kwa macho yetu. Uji ameumaliza? Mwili umerudi? Sahani ya ugali iliporudi nusu, tulimgombeza. Hatukujua kwamba aliyefanyiwa upasuaji kama huo hushiba upesi, na yampasa kula kidogo kidogo mara nyingi.

Siku moja muuguzi wa hospisi alikuja nyumbani. "Mzee," alisema, "leo usinijibu kwa maneno. Nionyeshe kwa mkono. Ngumi ni sifuri. Vidole vitano ni kiasi kisichovumilika. Siku hizi tatu zilizopita, maumivu yamekuwaje?"

Baba akainua vidole viwili. Tukafurahi.

"Na wasiwasi je?"

Akakunjua mkono wote. Kisha akatugeukia sisi wanawe: "Ng'ombe wangu mmeuza wangapi?"

Tulikuwa tumeuza wawili kulipia matibabu, tukamficha tukidhani tunamhurumia. Kumbe alikuwa akiwasikiliza wakilia zizini, na kila asubuhi hesabu haikutimia!

Kipimo kile si mchezo. Kilitayarishwa na African Palliative Care Association, chama chenye makao yake Kampala, kikajaribiwa kwa wagonjwa wa nchi zaidi ya moja, na matokeo yakachapishwa mwaka 2010. Kina maswali 10. Saba ni ya mgonjwa: maumivu, dalili nyingine, wasiwasi, utulivu wa moyo na kadhalika. Matatu ni ya anayemtunza, maana naye ana mzigo wake. Huko Ulaya, watafiti wa shirika la EORTC walichapisha mwaka 2004 maswali 22 ya saratani ya tumbo pekee. Yanauliza hata kama mgonjwa huona taabu kula mbele ya watu. Laiti tungalimwuliza Baba hilo kabla ya kumgombeza!

Jioni ile tulimweleza yote: wawili wameuzwa, mmoja yupo, na karo ya kitinda mimba imelipwa. Muuguzi aliporudi, vidole vya wasiwasi vilikuwa viwili. Saratani haikuwa imepungua hata chembe, lakini Baba alikuwa analala usiku.

Alituaga miezi michache baadaye, akiijua hesabu ya zizi lake.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mara nyingi mgonjwa hafichi. Sisi ndio hatuulizi, au tunamjibia. Kwa hiyo, msomaji, ukienda leo Jumapili kumwona mgonjwa, msalimu kama kawaida, kisha umwombe akuonyeshe mkono. Nawe ukae kimya mpaka amalize kuhesabu.