Moto wa Nyumbani Karatu na Ngorongoro

Katika nyanda za juu za Karatu na Ngorongoro, ambako ukingo wa kreta unapita mita 2,200 juu ya usawa wa bahari na usiku wa Julai blanketi moja halitoshi, moto wa nyumbani haukuwa wa kupikia tu, na mabadiliko yake ni habari ya kazi nyingi zilizobebwa na mafiga matatu kabla hazijatawanyika.

Wairaqw, ambao wengi huwaita Wambulu, zamani walichimba nyumba zao ubavuni mwa mlima na kuziezeka kwa miti na udongo, hata aliyesimama upande wa juu aliona ardhi tu. Henry Fosbrooke, aliyekuja kuwa mhifadhi wa Ngorongoro baada ya hifadhi kuanzishwa mwaka 1959, aliueleza ujenzi huo kuwa ni kinga dhidi ya uvamizi. Humo watu na ng'ombe walilala chini ya paa moja, na kwa kuwa hapakuwa na dohani, yaani bomba la kutolea moshi, moshi ulijiendea polepole hadi mlangoni, huku ukizipaka boriti masizi meusi yanayong'aa. Masizi hayo hayakuwa uchafu mtupu, kwani yaliwafukuza bungua, na nafaka iliyowekwa darini juu ya moto ilikauka na kuepuka fukusi. Walioumia ni akina mama, kwa macho na vifua.

Uvamizi ulipokoma nyumba zilipanda juu ya ardhi, na bati lilipoingia, ambalo halihitaji moshi ili lidumu, jiko lilihamishiwa kwenye kibanda cha nje. Afya ilinufaika, lakini chumba cha kulala kikabaki baridi, na wapo wanaoingiza karai la makaa usiku, jambo la hatari milango ikifungwa, kwa sababu hewa yake ya sumu haina harufu.

Walowezi wa kahawa wa Oldeani, katika nyanda hizo hizo, wengi wao Wajerumani, walijenga meko ya ukutani ya mawe, ambayo ni ya kuota moto tu, ingawa sehemu kubwa ya joto hupaa na moshi dohanini. Hoteli za ukingoni mwa kreta zimeurithi mtindo huo, na hivyo moto wa sebuleni, ambao mkulima wa Karatu aliutoa nje kwa jina la maendeleo, mgeni huulipia.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 unalenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na mtungi wa gesi si kitu kigeni tena mjini Karatu. Lakini katika enkaji, nyumba ya Kimaasai ijengwayo na mwanamke kwa fito na samadi, kibuyu cha maziwa bado husafishwa kwa kijinga cha oloirien, yaani mzeituni mwitu, ambacho mama hukitumbukiza kikiwa chekundu, akakisugua ndani hadi harufu ya moshi ishike. Na kwa kuwa gesi haina kijinga, mafiga yamebaki palepale, hatua chache kutoka kitandani.